Kutoa klipu fupi ndani ya video ndefu: mwongozo kamili kwa wapiga video wa Lamu

Kosa ni lilelile kila mara. Mtu ana video ya dakika 50, iwe mahojiano, mawaidha au mashindano ya majahazi. Anaifungua kwenye simu, anaikata dakika dakika kama mua, kisha anaposti sehemu ya 1, ya 2, ya 3. Ya kwanza hutazamwa na jamaa zake. Ikifika ya nne hata jamaa wamechoka.

Saa haijui maneno yanaanzia wapi na kuishia wapi. Klipu ni jambo moja lenye mwanzo na mwisho wake, ambalo mtu wa Malindi asiyekujua ataliona, alielewe, na asihitaji kuulizia ile video ndefu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa na masikio na daftari, na programu huja baadaye. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa utaratibu huo, na ukizipindua utafanya kazi mara mbili.

Utakachohitaji

Simu yenye RAM ya GB 4 au zaidi inatosha. Laptopu hurahisisha mambo video inapozidi nusu saa. Programu za bure zipo: CapCut, VN au InShot kwa simu, DaVinci Resolve, Shotcut au Kdenlive kwa laptopu. Chagua moja uizoee. Kuhamahama programu kila wiki ndiko kunakochelewesha watu wengi.

Tenga nafasi ya GB 20 hadi 30 kwa kila saa ya video. Simu nyingi zikirekodi kwa 1080p hutumia kama MB 100 hadi 130 kwa dakika, kwa hiyo saa moja ni GB 6 hadi 8 kabla hujafanya lolote. Programu nayo huweka faili zake za muda, na klipu zilizokamilika zinataka pa kukaa.

Tafuta visikizi vya waya. Vile vya Bluetooth huchelewesha sauti kidogo, nawe utaona midomo haioani na maneno na kuanza kurekebisha kosa ambalo halipo.

Daftari na kalamu. Usiruke hili.

Hatua ya 1: Pata faili ya asili

Ikiwa video ilipigwa na mwenzako, usikubali akutumie kwa WhatsApp kama video ya kawaida. WhatsApp huibana, na picha iliyobanwa ukija kuikuza kwa fremu ya wima hugeuka ukungu. Mwambie aitume kama hati, au mkutane akupe kwa kebo, flashi au kadi.

Kamera nyingi hugawa rekodi ndefu katika faili za GB 4 kwa sababu ya FAT32, mpango wa kuhifadhi faili kwenye kadi usiopokea faili kubwa kuliko hapo. Ukiona faili tatu zinazofuatana, huenda zote ni video moja. Zinakili zote, kisha uzipange kwa mfuatano kabla ya kuanza kuandika nyakati.

Weka nakala ya pili mahali pengine. Umefaulu ukiweza kucheza mwanzo, katikati na mwisho wa video kwenye kifaa chako bila kukwama.

Hatua ya 2: Sikiliza, andika

Usifungue programu ya kukata bado. Cheza video kwa kasi ya 1.25 au 1.5, vaa visikizi, na uandike dakika na sekunde kila unaposikia mojawapo ya mambo haya: jibu lililonyooka, neno ambalo lingemshangaza mtu, kitendo cha mikono kinachoonekana wazi, au kicheko cha kweli. Andika na maneno manne matano ya kukukumbusha. Mfano: “15:21, jahazi jipya huvuja.”

Usichague sasa, andika tu. Saa moja ya mazungumzo mazuri hutoa alama, yaani nyakati ulizoandika, 20 hadi 30, na mwishowe utabaki na klipu tano hadi nane. Ukiona alama zako ni tatu tu, huenda umesikiliza huku ukijibu jumbe. Rudia.

Video ya matukio ina masikio yake. Kwenye mashindano ya majahazi, usiandike mwendo mzima wa kwenda na kurudi. Andika pale chombo kinapogeuka kwenye boya, pale mabaharia wanapotoka juu ya ubao wa pembeni kuzuia jahazi lisilale, pale watu walio kwenye ukuta wa bahari wanapopiga kelele zote kwa pamoja. Kwenye mashindano ya punda, mwanzo na mwisho ndio mali. Katikati ni migongo na vumbi.

Hatua ya 3: Pima kila alama kwa sikio la mgeni

Hapa ndipo klipu nyingi hufa, na sababu yake imo ndani ya Kiswahili chenyewe.

Msemaji akishataja kitu mara moja, hakitaji tena. Hukibeba ndani ya kitenzi. Anasema “pamba” dakika ya 14:22, kisha kwa dakika nzima ni “unaitia”, “unaigonga”, “ikishika vizuri”. Ukianza klipu yako dakika ya 14:40, mtazamaji anasikia “unaitia” na hajui ni nini hicho kinachotiwa. Kwako ni wazi kwa sababu umetazama tangu mwanzo. Kwake ni fumbo, na kidole chake hakingoji.

Basi kwa kila alama, andika sentensi ya kwanza na utafute viwakilishi: huyo, pale, kile, “kama nilivyosema”, na vile viambishi ki-, i-, zi-, wa- visivyo na mwenyewe. Kila kimoja ukipatie jina. Njia ni tatu: rudi nyuma uchukue sekunde mbili ambazo jina limetajwa, weka jina hilo kwa maandishi juu ya picha, au achana na alama hiyo.

Mawaidha na mijadala ina kipimo kimoja cha ziada. Hakikisha unachokata ni kauli ya msemaji mwenyewe. Mashekhe wengi hutaja kwanza hoja ya upande wa pili, wakaieleza vizuri, ndipo wakaijibu. Klipu inayoishia kabla ya jibu inamvisha mtu maneno asiyoyaamini. Sikiliza dakika mbili kabla na dakika mbili baada ya kila alama ya namna hiyo. Aya ya Qurani nayo haikatwi katikati.

Hatua ya 4: Kata maneno kwanza, picha baadaye

Sasa fungua programu. Kata kwa kufuata sauti, usijali fremu wala maandishi.

Tuchukue mfano: mahojiano ya dakika 52 na fundi wa majahazi huko Matondoni. Swali liko 14:07: mbona chombo kipya huvuja? Fundi anaanza mbali, anamtaja tajiri aliyeagiza chombo, anacheka. 14:22 anasema “pamba yenye mafuta”. Kuanzia 14:40 hadi 15:05 anaonyesha kwa mikono jinsi kalafati, ile pamba ya kuzibia, inavyogongwa katika nafasi kati ya ubao na ubao. 15:21 anafunga kwa kusema: “Jahazi jipya likishushwa, huvuja. Lisilovuja ni la plastiki.” Halafu 15:30 hadi 15:41 anaeleza kuwa baada ya siku chache mbao zimekunywa maji, zimevimba, na nafasi zimejifunga.

Ukikata kwa saa, ungechukua 14:07 hadi 15:41, sekunde 94, na mwanzo wake ni tajiri na kicheko. Kata hivi badala yake:

Kwanza 15:21 hadi 15:26, ile kauli ya plastiki. Ndiyo chambo.
Pili 14:22 hadi 14:24, ili pamba itajwe.
Tatu 14:40 hadi 15:05, mikono ikifanya kazi.
Mwisho 15:30 hadi 15:41, mbao zikivimba.

Jumla sekunde 43. Swali halimo, nalo litaandikwa juu ya picha. Mpangilio umebadilika ila maana ya fundi imebaki pale pale, na huo ndio mpaka: unaruhusiwa kuhamisha sentensi, huruhusiwi kuhamisha alichokusudia. Ukiwa na shaka, mchezee mwenyewe aisikie.

Kila mkato uache nafasi ya sekunde 0.2 kabla ya neno la kwanza. Ukikata juu ya neno lenyewe, silabi ya mwanzo humezwa, na “huvuja” huwa “vuja”. Pumzi ndefu na “eeh” zitoe, lakini usizifute zote. Mzee anayesema bila kupumua anasikika kama mashine.

Mkato kati ya kauli mbili za mtu yuleyule hurusha kichwa chake kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ufunike kwa picha nyingine: mikono, nyundo, ubao. Usipokuwa nayo, kuza picha kidogo, kama asilimia 15, upande mmoja wa mkato. Jicho litadhani ni kamera ya pili.

Funga macho usikilize klipu nzima. Ukielewa kila kitu bila picha, umefaulu.

Hatua ya 5: Fremu ya wima

Fremu ya simu ni 9:16, yaani pikseli 1080 kwa 1920. Video yako ndefu huenda ni 1920 kwa 1080. Ukikata wima ndani yake unabaki na upana wa pikseli 608 hivi, chini ya theluthi ya picha, kisha unaikuza karibu mara 1.8. Ndiyo maana nyuso hupoteza makali. Ikiwa ulirekodi kwa 4K, kipande hicho kina 1215 kwa 2160, na hakuna kinachopotea. Mahojiano utakayoyakata baadaye yarekodi kwa 4K ikiwa kadi inaruhusu.

Mtu mmoja: macho yake yawe kwenye theluthi ya juu, na aache nafasi upande anaotazama. Akisogea, sogeza fremu pamoja naye kwa alama za mwendo (keyframe). Ufuatiliaji wa kiotomatiki husaidia, ila barabara ya pwani ina watu na punda wanaopita nyuma, nao huuvutia mtambo. Kagua sekunde zote.

Watu wawili juu ya baraza: ukikata katikati utapata bega, bega, na mto wa kuegemea. Ama ruka kutoka uso hadi uso kila anayezungumza anapobadilika, ama wapange mmoja juu na mwingine chini, kila mmoja kwenye nusu yake ya 1080 kwa 960.

Majahazi: usikate kabisa. Tanga, mlingoti na bahari vinataka upana. Iweke picha nzima katikati kwa 1080 kwa 608, juu andika kichwa, chini maandishi. Wapo wanaojaza juu na chini kwa nakala ya picha ileile iliyotiwa ukungu. Rangi moja tulivu huonekana safi zaidi, na maandishi yanasomeka.

Hatua ya 6: Sauti

Upepo wa kusi ndio adui mkubwa wa video za Lamu, hasa zilizopigwa Shela au kwenye ukuta wa bahari. Mngurumo wake uko chini, hivyo kata masafa yaliyo chini ya hezi 100. Sauti ya mwanamume itapungua uzito kidogo na maneno yatatoka. Lakini upepo uliopiga maikrofoni hadi sauti ikapasuka hautengenezeki. Usipoteze saa mbili humo, chukua alama nyingine. Siku nyingine mkalishe mtu kwenye daka au uchochoroni, na uvishe maikrofoni sponji.

Kilele cha sauti kisizidi desibeli -1, na wastani wake uwe karibu na -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa jumla) kama programu yako inapima. Isipopima, cheza klipu yako kando ya klipu nyingine ya mazungumzo kwa kiwango kimoja cha sauti. Zikilingana, endelea.

Muziki chini ya maneno uwe mdogo kiasi kwamba hutambui wimbo gani. Hautiwi juu ya adhana, Qurani wala dua. Na ikiwa taarabu ilikuwa ikipigwa ukumbini wakati wa kurekodi, jua kuwa mitandao hutambua nyimbo zenye hakimiliki na inaweza kuzima sauti au kuizuia klipu. Chagua sehemu ambayo muziki umenyamaza.

Hatua ya 7: Maandishi

Wengi hutazama bila sauti, kwa hiyo maandishi ni lazima. Ile mitindo ya neno moja moja linalorukaruka imetengenezwa kwa lugha zenye maneno mafupi. “Wanapolishusha” peke yake hujaza skrini. Tumia mistari miwili, herufi zisizozidi 22 kwa mstari, ukubwa wa pikseli 60 hadi 70, rangi nyeupe yenye ukingo mweusi. Vunja mstari mahali msemaji anapopumua. Usitenganishe “ya” na nomino yake.

Maandishi ya kiotomatiki ni rasimu tu, tena mbaya zaidi msemaji akiwa na Kiamu chake. Andika alichosema. Usimsanifishe fundi: akisema “mai”, andika mai. Ila pale neno linapopotosha, saidia. Kiamu kusema “wakateka” ni kucheka, lakini msomaji wa Nairobi ataona watu wametekwa nyara. Hapo weka “wakacheka” kwa herufi ndogo chini yake.

Usiweke chochote muhimu kwenye pikseli 350 za chini, 150 za kulia na 200 za juu. Huko ndiko vitufe, jina la akaunti na maelezo hukaa.

Swali la fundi wetu, “Mbona jahazi jipya huvuja?”, liwe juu tangu sekunde ya kwanza na libaki hadi ya nne.

Hatua ya 8: Kutoa faili

1080 kwa 1920, H.264, fremu 30 au 25 kwa sekunde kulingana na video ya asili, megabiti 8 kwa sekunde, sauti AAC. Kwa kiwango hicho kila sekunde ni takriban MB 1, kwa hiyo klipu yetu ya sekunde 43 ni kama MB 43. Ukipata MB 200, umeacha mpangilio wa 4K na unachoma bando bure.

Toa faili moja isiyo na nembo ya programu yoyote, na uitumie kwa mitandao yote. Kupakua klipu kutoka mtandao mmoja na kuiposti kwingine huibana mara mbili na kuibandika nembo. Kwa Status ya WhatsApp, toleo la chini ya sekunde 30 ndilo salama zaidi. Shorts za YouTube na Reels za Instagram hupokea hadi dakika 3, ila hiyo si sababu ya kuzijaza.

Hatua ya 9: Ikague juani

Itume kwenye simu ya bei nafuu, toka nje saa sita mchana, iweke sauti nusu, bila visikizi. Maandishi yanasomeka? Maneno yanasikika kwa spika ile ndogo? Mpe mtu asiyehusika, aitazame mara moja, kisha umuulize imesema nini. Akijibu kwa sentensi moja sahihi, posti. Akisema “ni nzuri”, rudi hatua ya 3.

Yanayoharibika mara kwa mara

Sauti inaachana na midomo kadiri video inavyoendelea: simu hurekodi kwa kasi ya fremu inayobadilika, na programu nyingi za laptopu hazipendi hilo. Ipitishe kwanza kwenye HandBrake, programu ya bure, ukichagua kasi ya fremu isiyobadilika, ndipo uikate.

Rangi zimepauka au zinang'aa kupita kiasi: video ilipigwa kwa HDR, mtindo wa mwanga na rangi nyingi zaidi. Ibadilishe kuwa SDR, ule wa kawaida, kwenye programu, na uzime HDR kwenye kamera kuanzia leo.

Mistari inapita juu ya picha, hasa ukumbini usiku: umeme wetu ni wa hezi 50, na taa zake hupigana na kamera iliyowekwa fremu 30. Safari ijayo rekodi kwa fremu 25 na shata (muda wa kila picha kupokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde. Video iliyokwisha kupigwa haina dawa ya uhakika.

Ruhusa, kabla ya kuposti

Video ya harusi iliyopigwa upande wa wanawake haitolewi klipu. Bibi harusi aliyekubali kamera ya familia hakukubali TikTok, na waalikwa wote mle ndani wamevua mabuibui wakijua wako peke yao. Hata akikuruhusu yeye, kagua kila fremu aliye nyuma yake ni nani. Usipoweza kuwaondoa, acha. Kioo cha ukutani pia kikague.

Mtoto anahitaji idhini ya mzazi au mlezi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 iko wazi juu ya hilo. Mtu mzima mwambie mapema kwamba video yake itakatwa na kusambazwa, si kwamba “tunarekodi tu”.

Kwenye daftari lile lile, kando ya kila klipu, andika jina la faili, tarehe, na kila mtandao ulikoiweka pamoja na kiungo chake. Mwenye picha akikupigia simu usiku kutaka iondolewe, utaiondoa kote ndani ya dakika kumi. Bila orodha hiyo utaifuta Instagram na kuisahau Facebook, na kesho yake atakupigia tena, safari hii akiwa na kaka yake.